Picha ya wino ya Kichina au ya Kijapani uliyorithi: anza na karatasi, sahihi isubiri

Mtu anapokunjua gombo la urithi juu ya meza yetu ya ukaguzi, karibu kila mara swali lake la kwanza ni jina la mchoraji, na la pili ni bei. Sisi wahifadhi wa sanaa huanzia kwingine kabisa. Katika sanaa ya wino ya China na Japani, sahihi na mhuri ndivyo vitu rahisi kuliko vyote kughushi, ilhali karatasi, hariri, wino na mwendo wa brashi ni ushahidi usiopikika kwa urahisi. Kwa hiyo jina tutalifikia, lakini baada ya safari kidogo.

Jambo la kwanza ni kujua kama ulicho nacho kimechorwa au kimechapwa. Chukua lenzi inayokuza mara 10 na utazame sehemu yenye wino hafifu: ukiona nukta ndogo ndogo zilizopangwa kwa mistari, hiyo ni kazi ya mtambo, na uchunguzi unaweza kuishia hapo. Ugumu unakuja kwa nakala zilizochapwa kwa mbao za kuchonga, hasa zile za karakana ya Rongbaozhai ya Beijing, ambayo hutumia ubao tofauti kwa kila rangi na kwa kila ukolevu wa wino, tena juu ya karatasi ileile ambayo wachoraji wenyewe huitumia, hata wino hupenya na kutandaa kama uliotoka kwenye brashi. Hapo nukta hazipo. Kinachofichua ni kwamba mahali ambapo mkwaju mmoja wa brashi ungepanda juu ya mwingine, wino hauonyeshi upi ulitangulia. Gombo lililoletwa nyumbani na mzee aliyesoma Beijing, au na fundi aliyepewa zawadi wakati reli ya TAZARA inajengwa kati ya 1970 na 1975, lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nakala ya namna hii, au picha ya mapambo, kuliko kuwa kazi ya bingwa. Sisemi hivyo kwa dharau; nakala nzuri ya mbao ni sanaa kamili na ina wanunuzi wake, ila si kwa bei ambayo familia huwa imeiota.

Ikiwa picha imechorwa kwa mkono, geukia kilichoibeba. Karatasi maarufu ya China ni xuan, inayotokana na wilaya ya Jing katika jimbo la Anhui, na hutengenezwa kwa magome ya mti pamoja na mabua ya mpunga. Karatasi za Kijapani mara nyingi zina nyuzi ndefu za mti wa kozo, ambazo utaziona ukiinua ukingo mbele ya mwanga. Taa ndogo ya zambarau ya kukagulia noti, ile iliyoko dukani, inafaa hapa pia: karatasi iliyotiwa kemikali za kung'arisha, ambazo zilienea baada ya miaka ya 1950, hung'aa samawati chini ya taa hiyo, na picha inayodaiwa kuwa ya karne ya 18 haipaswi kung'aa hivyo. Hakikisha tu kwamba unatazama karatasi yenyewe ya picha, kwa kuwa ile iliyobandikwa nyuma inaweza kuwa ya juzi. Rangi ya kahawia peke yake haithibitishi uzee, maana chai imetumika miaka mingi kuizeesha karatasi na hariri mpya.

Wino wenyewe ni masizi ya msonobari au ya mafuta yaliyochanganywa na gundi ya wanyama, yakakaushwa kuwa kipande kigumu kinachosuguliwa juu ya jiwe lenye maji. Ukishalowa kwenye karatasi isiyotiwa gundi haufutiki wala haurekebishiki, na hii ndiyo sababu mkwaju wa brashi una thamani kubwa mno mbele ya jicho la mjuzi. Mchoraji anayejua anachokifanya huushusha mkono, huukaza, huulegeza na kuuinua kwa pumzi moja, na alama ya mwendo huo inabaki: mwanzo mzito, kiuno chembamba, mwisho uliokauka hadi nyuzi za brashi zikaonekana. Anayenakili hutazama, huchora kidogo, kisha hutazama tena, na kila anaposita wino huvimba na kuacha kinundu. Tafuta vinundu hivyo kwenye mashina ya mianzi, kwenye masharubu ya kamba wa majini waliomtia umaarufu Qi Baishi (1864–1957), na kwenye manyoya ya shingo ya farasi wa Xu Beihong (1895–1953). Wachoraji hawa wawili wameghushiwa kupita kiasi, na mbele ya jina lolote kati ya hayo mimi huanza na shaka.

Sasa tazama kitambaa na karatasi zinazoizunguka picha, ambazo hapa nitaziita vazi lake. Vazi la Kijapani kwa kawaida lina sehemu tatu zinazotofautiana: ukanda mwembamba wa zari juu na chini ya picha, kitambaa cha pili kinachoizunguka, na kingine cha nje juu na chini, na mara nyingi kanda mbili nyembamba huning'inia kutoka juu. La Kichina aghalabu ni tulivu zaidi, hariri ya rangi moja au mbili. Lakini vazi hubadilishwa likichakaa, na picha ya Kichina iliyovalishwa Kijapani ni jambo la kawaida. Kazi bora za Muqi, mtawa wa China wa karne ya 13, zimehifadhiwa katika hekalu la Daitoku-ji mjini Kyoto zikiwa zimevaa hivyo. Hati nayo inapotosha, kwa sababu Wajapani wengi waliosoma waliandika mashairi ya Kichina kwa herufi za Kichina. Ukiona herufi za kana, yaani zile za sauti ambazo ni za Wajapani wenyewe, hapo mkono ni wa Kijapani.

Magombo ya Kijapani mara nyingi huja na kasha la mti mwepesi wa kiri, lenye maandishi ya mchoraji au ya mjuzi kwenye kifuniko. Kasha hilo lina uzito katika tathmini, kwa hiyo usilitupe hata likiwa limepasuka, lakini pia usiliamini mno: kasha halisi huweza kupewa picha isiyo yake.

Ndipo tunafika kwenye sahihi. Tarehe ya Kichina mara nyingi hufuata mzunguko wa miaka 60, ambamo kila mwaka una jina lake, kwa hiyo mwaka ulioandikwa xinhai unaweza kuwa 1851, 1911 au 1971, na ni karatasi itakayosaidia kuchagua. Tarehe za Kijapani zikifuata enzi ya mfalme ni rahisi zaidi: mwaka wa 30 wa Meiji ni 1897, na wa 10 wa Showa ni 1935. Mihuri hugongwa kwa zingefuri, ile rangi nyekundu, na si yote ya mchoraji, kwani wamiliki waliopita nao waligonga yao. Soma pia neno dogo linalotangulia jina la bingwa wa zamani, kwa kuwa maneno kama fang na lin yanasema wazi kwamba mchoraji amefuata namna ya bingwa huyo au amemnakili. Huyo hajaghushi kitu. Kunakili ndiko kulikokuwa shule, na aliyekosea ni mrithi aliyesoma jina akaruka neno.

Wenye nia mbaya nao wapo, na wamewashinda hata wataalamu. Mwaka 1957 Makumbusho ya Sanaa ya Boston yalinunua picha iliyodhaniwa kuwa ya Guan Tong wa karne ya 10, ambayo sasa inajulikana kuwa kazi ya Zhang Daqian (1899–1983), mchoraji mkubwa aliyekuwa pia mghushi hodari. Mwaka 2015 Xiao Yuan, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya chuo cha sanaa cha Guangzhou, alikiri mahakamani kwamba alichukua picha 143 na kuweka nakala alizochora mwenyewe; akaeleza kwamba baadaye aligundua nakala zake nazo zimeibwa na kuwekewa nakala nyingine, mbaya kuliko zake.

Kuhusu bei, mwaka 2017 mandhari 12 za Qi Baishi za mwaka 1925 ziliuzwa Beijing kwa yuan milioni 931.5, ilhali magombo mengi ya mapambo ya karne ya 20 hupata makumi au mamia machache tu ya dola. Kati ya ncha hizo mbili kuna nafasi kubwa, na anayekujaza matumaini kwa kutazama picha moja ya simu hakutendei haki. Nyumba kubwa za minada hupokea picha na kutoa makisio ya awali bila malipo. Piga picha ya gombo zima, ya kila mhuri, ya sahihi, ya mgongo, ya ncha za mti wa kuviringishia na ya kasha, pamoja na rula ili ukubwa uonekane, kisha uambatanishe barua, risiti au bahasha yoyote ya zamani. Uliza pia makisio ni ya nini, kwani thamani ya bima huwa juu kuliko ya mnada, na usimuuzie mtu yuleyule aliyekupangia bei.

Wakati huo gombo likae limeviringishwa bila kukazwa, mbali na ukuta wenye unyevu, jambo ambalo katika nyumba za pwani linahitaji bidii. Usilibandike utepe wa gundi, usilipige pasi, usiligandishe kwenye ubao. Ncha za mti wake zikiwa nyeupe zenye mistari myembamba inayokatana, huenda ni pembe za ndovu, na kwa Kenya na Tanzania kumiliki pembe hizo bila kibali ni kosa la jinai, mbali na kwamba kuzivusha mpakani kunabanwa na mkataba wa kimataifa. Usizing'oe wala usizifiche. Toa taarifa kwa mamlaka ya wanyamapori kabla gombo halijasafiri.