Ufaulu wa Halmashauri: Waliofanya Mtihani ni Akina Nani?

Matokeo ya kidato cha nne yakishatangazwa, swali la kwanza kwenye vikao vya wazazi na vya madiwani huwa: halmashauri yetu imeshika nafasi ya ngapi? Sisi tunaofanya kazi ya uthibiti ubora wa shule tungependa litanguliwe na jingine: waliofanya mtihani huo ni akina nani?

Tuitazame Wilaya ya Mvomero, mkoani Morogoro. Ndani ya mipaka yake ipo Sekondari ya Mzumbe, shule ya serikali ya wavulana wenye vipaji maalumu. Vijana wake huchaguliwa kutoka nchi nzima kwa alama za juu za darasa la saba, na wote hukaa bweni. Wilaya hiyo hiyo ina Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, ambako watoto wa wakulima wa mboga hupanda na kushuka mabonde kwenda shule ya kata. Ina Turiani na mashamba ya miwa ya Mtibwa. Ina vijiji vya wafugaji huko tambarare, ambako kiangazi kikikaza mifugo huhamishwa na baadhi ya vijana huondoka nayo. Jumlisha haya yote upate asilimia moja ya wilaya, na asilimia hiyo haitamweleza kijana wa Mzumbe wala binti wa Mgeta. Halmashauri ya Wilaya ya Arusha nayo ina Ilboru, shule nyingine ya vipaji maalumu: madaraja ya kwanza ya Ilboru yanaingia kwenye hesabu za halmashauri, ingawa vijana wake wametoka mikoa mbalimbali.

Shule ya kata haichagui. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulipoanza mwaka 2004 na shule hizi kuenea, zimepokea watoto wa eneo lao jinsi walivyo. Kuziweka kwenye jedwali moja na shule za vipaji ni kuwaonea walimu wa shule za kata. Ndiyo maana naona Baraza la Mitihani lilifanya jambo la haki Januari 2023 lilipoacha kutangaza shule kumi bora.

Hata neno “ufaulu” lina mambo ndani yake. Mtahiniwa huhesabiwa amefaulu akipata daraja la kwanza hadi la nne. Pointi chache ndizo bora: A ni pointi 1, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Daraja la nne linaishia pointi 33 katika masomo saba, yaani D mbili na F tano zinatosha, au C moja na F sita. Lakini kwenda kidato cha tano kunahitaji angalau C katika masomo matatu. Kwa hiyo ukisikia shule imefaulisha asilimia 90, uliza ni wangapi waliopata daraja la kwanza hadi la tatu. Huo ndio tunaouita ubora wa ufaulu, na pengo kati ya takwimu hizo mbili linaweza kuwa kubwa sana.

Kuna kundi jingine ambalo halionekani kabisa kwenye matokeo. Tuseme shule ilipokea wanafunzi 120 kidato cha kwanza, wakafika 70 kwenye mtihani na kufaulu 63. Itatangazwa kuwa ufaulu ni asilimia 90. Lakini kwa wale 120 walioanza, waliofaulu ni asilimia 52 na nusu. Wale 50 wako wapi? Wengine wamehama, wengine wamekariri kidato cha pili baada ya kushindwa upimaji wa kitaifa. Wengine wamekwenda kuchunga, kufanya kazi za ndani au kuolewa. Binti anayepanga chumba mtaani kwa sababu shule iko mbali na kwao yuko kwenye hatari kubwa zaidi, na hosteli moja inaweza kubadili takwimu za kata nzima. Tangu Novemba 2021 aliyekatishwa masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni. Mkuu wa shule aulizwe waziwazi wangapi wamerudi.

Lugha nayo inagawa watoto. Aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anakutana na baiolojia kwa Kiingereza ndani ya wiki chache, na kwa mtoto wa jamii ya wafugaji hiyo huenda ni lugha ya tatu.

Kulinganisha miaka pia kunataka uangalifu. Matokeo ya 2012 yalipotoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na daraja sifuri, yaani wameshindwa. Serikali iliunda tume, matokeo yakachakatwa upya, na ufaulu ukapanda hadi asilimia 43 bila mtahiniwa yeyote kuandika jibu jipya. Matokeo ya 2014 yakatolewa kwa GPA, yaani wastani wa alama, kisha madaraja yakarudi mwaka 2016. Mwaka huo huo ada ya shilingi 20,000 kwa shule za kutwa ilikwisha kuondolewa, na watoto ambao zamani wangebaki nyumbani wakaingia darasani. Kundi linalopimwa sasa si lile la zamani.

Tovuti ya Baraza la Mitihani inaonyesha matokeo ya kila shule, wavulana na wasichana wakiwa wametenganishwa. Idadi ya walioandikishwa kidato cha kwanza miaka minne nyuma, muombe mkuu wa shule au afisa elimu kata, kisha njoo nazo zote mbili kwenye kikao cha wazazi.