Sebring: saa 12 zinazolichakaza gari kuliko saa 24

Kazi yangu ni shokapu. Shokapu, springi, mikono inayoshika magurudumu, na sensa zinazotuambia vyote hivyo vinafanya nini gari likiwa mbioni. Watu wakijua hivyo huniuliza ni mbio zipi za masafa marefu ninazozihofia zaidi, nao tayari wana jibu mdomoni: Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa. Mimi huwajibu Sebring, mbio za saa 12, na wengi hudhani natania. Saa 12 ziwe kali kuliko saa 24? Ndiyo, na sababu yake iko chini ya tairi.

Sebring ni mji mdogo katikati ya Florida, Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi lilijenga hapo uwanja wa ndege wa Hendricks, na marubani wakafundishwa kurusha ndege za mabomu aina ya B-17. Ndege zile ni nzito, kwa hiyo njia zake zilimwagwa zege, kibamba kando ya kibamba, na kati ya kibamba na kibamba pakaachwa mwanya ili zege lipate nafasi ya kutanuka juani. Vita vilipokwisha alikuja Alec Ulmann, mhandisi wa ndege mzaliwa wa Urusi aliyeipenda Le Mans kupita kiasi, akaona kwamba uwanja wa kuchezea ameshajengewa. Mbio za kwanza, za saa sita, zilifanyika tarehe 31 Desemba 1950. Kwa kuwa matokeo yalikokotolewa kwa kuzingatia ukubwa wa injini, ushindi ulikwenda kwa Crosley Hot Shot, kigari ambacho ukikiona leo utacheka. Machi 1952 zikaja saa 12 zenyewe, na mwaka uliofuata Sebring ikafungua ubingwa wa kwanza wa dunia wa magari ya spoti.

Nimeipitia historia hiyo mbiombio kwa sababu kinachonihusu mimi ni kimoja tu: zege lile halikung'olewa lote. Barabara ya leo ina urefu wa kilomita 6.02 na kona 17, na sehemu kubwa yake ni lami. Lakini ukiingia kona ya mwisho, Sunset Bend, na kutoka nayo kuelekea mstari wa kumalizia, uko juu ya zege la jeshi. Miaka yote hiyo vibamba vimezama huku, vimeinuka kule, na viraka vimebandikwa juu ya viraka. Dereva hana njia ya kuvikwepa. Anachagua tu ni matuta gani ayakanyage.

Sasa tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Tuseme gari linakwenda mita 50 kwa sekunde, yaani kilomita 180 kwa saa, na maungio ya zege yamepishana kwa mita tano. Kila gurudumu litagongwa mara kumi kwa sekunde. Ongeza mwendo hadi mita 60, punguza umbali wa maungio hadi mita nne, na mapigo yanafika 15 kwa sekunde. Namba hizo si za kubeza. Gurudumu pamoja na kitovu chake, breki yake na sehemu ya mikono inayolishika, lina mdundo wake wa asili, ule ambao ukilishtua linapenda kurukaruka lenyewe. Kwa magari mengi mdundo huo uko hapohapo, kati ya mara 10 na 20 kwa sekunde. Kama vile mtoto kwenye bembea anavyopaa juu zaidi ukimsukuma kila anaporudi, barabara ikigonga kwa mdundo uleule gurudumu linaupenda, mruko unakua. Tairi lililo hewani haligeuzi gari wala kulisimamisha.

Kuuzima mruko huo ndiyo kazi ya shokapu. Ndani yake kuna pistoni inayosukuma mafuta yapite kwenye matundu na vali nyembamba, na msuguano wa mafuta yale unageuza mtikisiko kuwa joto. Kwa hiyo kila pigo la zege linalomezwa linabaki ndani ya shokapu kama joto. Mafuta yakipata joto yanakuwa mepesi, yakiwa mepesi yanapita matundu kwa urahisi, na shokapu uliyoipima asubuhi si ile uliyonayo alasiri. Ndiyo maana tunaweka gesi yenye shinikizo nyuma ya mafuta ili yasitoe povu, na ndiyo maana shokapu nzuri ya mbio ina marekebisho tofauti kwa mwendo wa polepole wa pistoni na kwa mwendo wa kasi. Mwendo wa polepole ni gari linapolala kwenye kona au kuinama kwenye breki. Mwendo wa kasi ni zege. Sebring inataka uwe mkali kwenye wa kwanza na mpole kwenye wa pili, na kuvipata vyote viwili ndani ya mrija mmoja ndiko kunakoninyima usingizi.

Hapo bado sijagusa hewa. Magari ya daraja la juu, siku hizi likiitwa GTP, hupata nguvu nyingi ya kushikilia barabara kutokana na upepo unaopita chini ya sakafu yake. Sakafu ile inataka gari liwe chini na litulie kwa kimo kilekile. Likipanda na kushuka, mgandamizo wa hewa unapanda na kushuka nalo. Mtaalamu wa hewa atakuomba springi ngumu. Matuta yanaomba springi laini. Ukimsikiliza wa kwanza, gari linadunda Sunset Bend na dereva anaondoa mguu kwenye mafuta. Ukiyasikiliza matuta, unapoteza muda kwenye kona za kasi, kuanzia ile ya kwanza. Kwenye viwanja vingine maelewano hupatikana kwa urahisi. Hapa unainua gari milimita chache kuliko unavyotaka, unaumia moyo, halafu unaona kwenye sakafu kwamba bado imekwaruza. Maoni yangu, na wenzangu wa hewa watanisamehe: ukikosa kuamua, elekea upande wa matuta. Gari ambalo dereva analiamini saa ya kumi na moja ya mbio lina thamani kuliko gari lililokuwa na kasi saa ya pili.

Kuna uharibifu mwingine usioonekana kwenye saa ya mzunguko. Chuma hakikatiki tu kwa kuzidiwa mara moja, hukatika pia kwa kuchoka. Na uchovu wa chuma una hesabu ya kikatili: ukiongeza mkazo mara mbili, uhai wa kipande haupungui kwa nusu, hupungua mara kumi au hata zaidi. Mshindi wa Sebring kwa kawaida hupita mizunguko 300, na kila mzunguko una zege lake. Kwa hiyo kinachovunjika hapa aghalabu si injini bali vitu vya pembeni ambavyo hakuna mtu anayevipigia picha. Kishikio cha alteneta, ile mashine inayochaji betri. Soketi ya waya iliyosuguliwa mpaka shaba ikaonekana. Bomba la mafuta ya breki. Nati iliyojifungua taratibu, na hapo utaona mafundi wamechora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye kipande inachokishika. Mstari ukipishana, nati imesogea. Na taa! Mbio huanza mwendo wa saa nne asubuhi na kumalizika saa nne usiku, kwa hiyo taa zinatikiswa siku nzima kisha zinahitajika mwishoni.

Ukisoma matokeo ya zamani kwa jicho hili, mengi yanaeleweka. Mwaka 1954 timu ya Lancia ilileta magari ya D24 yenye nguvu na madereva wa kutisha, wakiwamo Fangio na Ascari. Aliyeshinda ni Stirling Moss akishirikiana na Bill Lloyd, kwa OSCA ndogo ya lita 1.5 ambayo breki zake zilikuwa karibu zimekwisha. Watu huiita bahati. Mimi naona uzito: gari jepesi hugongana na kila tuta kwa nguvu ndogo, na kila kipande chake huchoka polepole. Mwaka 2008 mambo yalijirudia kwa namna yake: Porsche RS Spyder ya timu ya Penske, iliyokuwa daraja la pili, LMP2, ilimaliza mbele ya dizeli za Audi za daraja la juu, huku Peugeot ikiangushwa na hitilafu. Zege halisomi daraja. Na 1966 Dan Gurney alikuwa anaongoza alipofika mzunguko wa mwisho, injini yake ikafa, akashuka akaisukuma Ford yake kuvuka mstari. Wakamwondoa kwenye matokeo, kwa sababu kusukuma kulikatazwa, na ushindi ukawaendea Ken Miles na Lloyd Ruby.

Watengenezaji wanalijua hili, ndiyo maana timu nyingi zinazolenga Le Mans huja Sebring kupima uvumilivu. Le Mans huichosha injini, kwa kuwa dereva anakanyaga mafuta mpaka mwisho kwa muda mrefu kwenye barabara zilizonyooka. Sebring huchosha kila kitu kilichofungwa kwa bolti. Audi walishinda hapa kwa R8 kila mwaka kuanzia 2000 hadi 2005, na 2006 wakaileta R10 ya dizeli ikashinda siku yake ya kwanza kabisa mbioni. Juni mwaka huohuo ikashinda Le Mans. Sidhani mpangilio huo ulikuwa wa kubahatisha. Tom Kristensen, aliyeshinda Sebring mara sita, alikuwa na kipaji ambacho sensa zangu hukipenda: aliweza kukwambia ni sehemu gani ya gari inaanza kuregea kabla grafu haijaonyesha.

Madereva wenyewe huchakaa. Mikono hufa ganzi, shingo hukaza, na kwenye Sunset Bend kichwa kinatikisika mpaka mstari wa barabara unakuwa miwili. Jioni, jua linapozama, linawachoma macho wakiwa wanaikaribia kona hiyohiyo.

Halafu giza, na hapa mbio huanza upya. Zege linapoa, injini inapata hewa baridi, na shinikizo la tairi ulilolipanga kwa ajili ya adhuhuri halifai tena. Vipindi vya tahadhari nyuma ya gari la usalama vimewakusanya tena waliokuwa wameachana. Sasa ndipo shokapu iliyotunzwa inalipa, maana kila mtu anaomba kasi kutoka kwenye gari lililogongwa kutwa nzima, na madereva waliochoka wanalazimika kupishana na magari ya daraja la chini gizani. Mwaka 2023, dakika chache kabla ya mwisho, ajali iliyaondoa kwa pamoja magari mawili ya Porsche na Acura moja yaliyokuwa yakigombea ushindi. Cadillac ya Pipo Derani, Alexander Sims na Jack Aitken ilikuwa nyuma yao, nzima, ikapita.