Laibrari kuwa huria haimaanishi hataza hazikuhusu

Juzi tena! Meseji saa tano usiku: "Bro hii laibrari ya sauti ya VR ni huria, so mambo ya hataza hayatuhusu." Yaani laibrari, msimbo wa watu wengine unaouchomeka kwenye programu yako, ya kutengeneza sauti za uhalisia pepe (VR). Nimeshajibu hili mpaka mdomo umeota sugu, naliandika hapa niwe natuma linki tu.

Leseni huria (open source) kwanza inagusa hakimiliki, yaani ruhusa ya kutumia msimbo ule ulioandikwa. Hataza (patent) inalinda mbinu. Unaweza kujifungia chumbani uandike kila mstari mwenyewe, bila kuchungulia kwa mtu, na bado ukawa umekanyaga hataza ya mwingine. Sawa, leseni ya Apache 2.0 ina kipengele cha hataza, na Steam Audio, laibrari mojawapo ya sauti za VR, iko chini ya leseni hiyo, ila soma taratibu basi: wanaokuruhusu ni wale waliochangia msimbo, tena kwa hataza zao wenyewe zinazohusu mchango wao. Jamaa aliyekaa pembeni na hataza yake hajakuahidi kitu. Leseni ya MIT ndo kabisa, neno hataza halimo.

Halafu kuna wale wa "tutumie ambisoniki, ni ya kale," yaani ile mbinu ya kuhifadhi sauti inayokuzunguka pande zote. Hapo wana pointi, Michael Gerzon na wenzake Uingereza waliibuni miaka ya 1970 na hataza kwa kawaida ni miaka 20 tangu kuombwa, piga hesabu. Lakini ambisoniki ni beseni la kubebea sauti tu, oda (kiwango cha undani) ya kwanza chaneli 4, ya tatu 16. Ili ifike kwenye hedifoni lazima upitishe HRTF (vipimo vya jinsi kichwa na masikio yanavyobadilisha sauti kutoka kila upande), ufuate kichwa kinavyogeuka, uweke mwangwi wa kuta, na kila hatua watu wameiombea hataza zao.

Na usiniambie "wakitushtaki tutashinda." Creative, kampuni ya kadi za sauti za kompyuta, waliishtaki mshindani wao Aureal kwa hataza 1998, Aureal ikashinda 1999, mwaka uliofuata ikafilisika, gharama za kesi zimeikausha, na aliyekuja kununua mali zake ni nani? Creative.

HRTF za bure zipo, maabara ya CIPIC wamepima watu 45, ila masikio yao sio yako. Mimi mwenyewe nikivaa baadhi yake sauti ya mbele naisikia kisogoni mpaka nigeuze kichwa, na siku nyingine nashuku kinachowadanganya wateja wetu ni huko kugeuka tu, sio HRTF tunazojisifia.

Mimi sio wakili. Ukinitumia laibrari, ambatanisha na faili la leseni.