Mteja wa mara ya kwanza: maana yake na namna duka la mtandaoni linavyomtambua

Mteja wa mara ya kwanza ni mtu anayeweka oda katika duka ambalo kumbukumbu zake hazina oda nyingine ya mtu huyohuyo iliyowahi kulipiwa na kupokewa. Sehemu ya mwisho ya maana hii, yaani kulipiwa na kupokewa, husahaulika mara nyingi, nayo ndiyo yenye uzito. Mtu aliyeagiza viatu mwezi uliopita kwa makubaliano ya kulipa akipokea, kisha akamrudisha bodaboda mlangoni kwa kuwa saizi haikumtosha, bado hajawa mteja wa duka hilo. Akirudi leo kuagiza tena anastahili kupokewa kama mgeni, na pengine kwa uangalifu zaidi, kwa sababu safari hii anakuja na shaka.

Wenye maduka wengi humchanganya mteja mpya na mgeni mpya wa tovuti. Mgeni wa tovuti hutambuliwa kwa vidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha ndani ya kivinjari, mbinu iliyobuniwa mwaka 1994 na mtaalamu wa programu Lou Montulli alipokuwa Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari cha jina hilo. Kidakuzi kinakijua kivinjari, hakimjui mtu. Dada aliyetazama vitenge kwa simu asubuhi, kisha akafungua duka lilelile kwa kompyuta ya ofisini mchana, huhesabiwa kuwa wageni wawili. Tangu mwaka 2019, kivinjari cha Safari cha Apple kinafuta baada ya siku 7 vidakuzi vya aina fulani vinavyotumika sana katika kuhesabu wageni, hivyo mtu anayerudi baada ya wiki mbili huweza kuonekana mpya kabisa. Kwa hiyo ripoti inayoonyesha wageni wapya inasaidia kupima matangazo, lakini haiwezi kusema ni nani ananunua kwa mara ya kwanza.

Kinachoweza kusema hivyo ni kitu ambacho mnunuzi hukitoa mwenyewe anapokamilisha oda. Katika Afrika Mashariki kitu hicho ni namba ya simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo namba ndiyo inayolipa, ndiyo inayopigiwa na dereva, na ndiyo ambayo watu wengi hawaibadilishi ovyo. Shida ni kwamba programu nyingi za maduka zilijengwa na watu waliozoea baruapepe. Katika WooCommerce, mojawapo ya programu hizo, kwa mfano, kuponi ya punguzo iliyowekewa kikomo cha matumizi kwa kila mteja humtambua mnunuzi asiye na akaunti kwa baruapepe aliyoiandika. Akiandika nyingine, hata ya kubuni, anahesabiwa kuwa mtu mwingine. Kwa maoni yangu, duka linalowauzia watu wa huku linapaswa kuifanya namba ya simu kuwa kitambulisho cha kwanza na baruapepe kuwa ya hiari.

Namba nayo inahitaji kunyooshwa kabla ya kulinganishwa. Mtu yuleyule ataandika leo namba inayoanza na 0754, mwezi ujao ataanza na +255754, na siku nyingine ataweka nafasi katikati ya tarakimu. Mfumo usioondoa nafasi na kuzigeuza namba zote ziwe za muundo mmoja utampa makaribisho ya mgeni mtu aliyekwisha kununua mara tatu, jambo ambalo humwonyesha kwamba hakuna anayemkumbuka. Upande wa pili, namba moja huweza kubeba watu kadhaa: mama anamwagizia binti aliye chuoni, au katibu anaagizia ofisi nzima. Namba ikiwa ileile lakini jina na mahali pa kupeleka vimebadilika, ni busara mhudumu akauliza kwa upole mzigo ni wa nani.

Baada ya kumtambua, linabaki suala la kumkaribisha. Maduka mengi hukimbilia punguzo la oda ya kwanza. Punguzo halina ubaya, ila linajibu swali ambalo mteja mpya hajaliuliza, na mwenye laini mbili za simu hulipata mara mbili. Hofu kubwa ya anayenunua mtandaoni kwa mara ya kwanza ni kutapeliwa: kutuma pesa kisha simu isipokelewe. Ndiyo maana ujumbe wa dakika chache baada ya malipo una thamani kuliko kuponi, mradi useme mambo halisi, kwa mfano: “Asante, tumepokea Sh 38,000 ya vitenge viwili. Vinaondoka Kariakoo leo saa kumi jioni. Dereva atakupigia kabla ya kufika. Ukiona kasoro, tuandikie kwa namba hii ndani ya siku 7 tukubadilishie.” Mteja aliyezoea duka angeridhika na mstari wa kwanza peke yake, mgeni anaihitaji yote, na anahitaji pia kwamba namba hiyo ipokelewe na mtu akipiga.

Namba iliyotolewa ili mzigo ufike si ruhusa ya kutumiwa matangazo kila Ijumaa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Ruhusa ya matangazo iombwe peke yake, kwa sentensi inayoeleweka, na mteja akikataa oda yake iendelee kama kawaida.

Alama ya mteja mpya inapaswa kuondolewa mzigo wa kwanza unapopokewa bila kurudishwa. Hata hivyo, laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba yake huweza kupewa mtu mwingine. Namba iliyokaa kimya miaka miwili ikijitokeza na jina jipya, mwenye jina hilo achukuliwe kuwa mteja wa mara ya kwanza, na asionyeshwe anwani wala oda za aliyekuwa na namba hiyo kabla yake.