Mchapaji si mchapishaji

Kila riwaya mpya ikitangazwa hapa Kisumu, mwandishi anayejitegemea atakwambia "mchapishaji wangu yuko pale Oginga Odinga Street", kumbe anamtaja mwenye mashine aliyemtolea nakala. Huyo ni mchapaji. Mchapishaji ni yule anayeamua kitabu kitoke, anayelipia uhariri, jalada na karatasi, na anayebeba hasara kisiponunuliwa.

Tofauti imo ndani ya kitenzi chenyewe. Chapa ilitujia kutoka Kihindi, chhap, alama inayogandamizwa juu ya kitu. Kuchapa ni kuitia alama hiyo. Kuchapisha ni kufanya ichapwe, kama vile fundi anavyoshona suruali nawe mwenye kitambaa ndiye unayeishonesha. Silabi ile moja iliyoongezwa, -sha, ndiyo inayobeba gharama zote.

Fungua kurasa za mwanzo za kitabu cha shule. Utaona "Kimechapishwa na", kisha chini kabisa, "Kimepigwa chapa na". Majina mawili, kazi mbili. Hata ile namba ya ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, inayoanza na 978-9966 kwenye vitabu vingi vya Kenya, mchapishaji ndiye huiomba kwa Maktaba ya Taifa, KNLS.

Kinachoniuma zaidi ni tahakiki. Msomaji wa Nakuru ananunua riwaya, anakuta sura nzima imejaa makosa ya tahajia, anaandika kwamba waliokipiga chapa wamemwangusha mwandishi. Jamani, mchapaji alipewa faili akaitoa ilivyo! Kazi yake ni wino ukolee sawasawa, kurasa zifuatane, gundi ishike. Kurasa zikianza kung'oka ukiwa sura ya tatu, hapo mlaumu. Tahajia, bei, hata kitabu kukosekana Kakamega, ni juu ya mchapishaji, ambaye hapa ni mwandishi mwenyewe.

Na sifa pia ni zake. Mtu aliyeandika, akatafuta mhariri, akalipa, akapakia katoni kwenye matatu hadi Kakamega, amefanya kazi ya ofisi nzima. Mbona jina la kazi hiyo ampe mwingine?

Basi, ndugu mwandishi, ukitoa kitabu kijacho andika "Kimechapishwa na", kisha jina lako. Mwenye mashine mpe mstari wake, hapo chini. Nawe mhakiki, kabla ya kumtaja mchapishaji, tazama kwanza ukurasa huo.