Ukungu wa mafuta kwenye karakana: maswali ya mafundi wa mashine

Maswali haya ni ya mafundi wanaokereza, kutoboa na kusaga vyuma kwa mashine, pale mafuta au maji meupe ya kupozea yanapomwagwa juu ya kisu kutwa nzima.

Ule moshi mweupe unaopanda si mvuke tu?

Sehemu yake ni mvuke. Iliyobaki ni mafuta. Chuma kinachozunguka kwa kasi huyapiga na kuyarusha yakawa matone madogo mno. Makubwa yanaangukia sakafuni na kwenye nguo. Madogo, ambayo hayafiki mikroni 10 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) wakati unywele wa kichwani una kama mikroni 70, hubaki yakielea na kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu.

Unataka kuyaona? Jioni mwanga ukififia, mwambie mwenzako amulike tochi kutoka upande wa pili wa mashine, wewe ukiwa umesimama mbali na kinachozunguka. Hewa uliyodhani ni safi utaiona imejaa. Kisha pitisha kidole juu ya kabati lililo mbali na mashine. Ukikuta utando unaonata, ujue hewa iliyouleta pale ndiyo mnayovuta nyote, hata karani wa stoo ambaye hajawahi kugusa chuma.

Nina homa kila mara, lakini vipimo vya malaria havioni kitu. Inahusiana?

Inawezekana, na hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu mtu anaweza kumeza dawa za malaria au kutibiwa nimonia mara kadhaa bila yeyote kumuuliza anafanya kazi gani. Kuna ugonjwa wa mapafu kuvimba kwa mzio. Saa chache baada ya kuvuta ukungu unapata homa, baridi, kikohozi na kifua kubana. Ukipumzika siku kadhaa unapata nafuu, ukirudi kazini unaanza upya. Pumu ya kazini nayo hufuata mtindo huohuo. Ukiachwa kwa miaka, uvimbe huo unaweza kuacha makovu kwenye mapafu ambayo hayaondoki.

Chanzo mara nyingi ni vijidudu. Maji meupe ni mafuta yaliyochanganywa na maji, na humo bakteria huzaliana vizuri. Longbridge, jijini Birmingham nchini Uingereza, makumi ya wafanyakazi wa kiwanda cha injini za magari waliugua pumu na uvimbe huo mwaka 2003 na 2004.

Ukienda hospitali, usisubiri kuulizwa. Sema: "Mimi ni fundi wa mashine, navuta ukungu wa mafuta, na nikiwa likizo napata nafuu." Sentensi hiyo inaweza kubadilisha matibabu yote. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe TB pia.

Tajiri anatupa maziwa kila siku. Hayasafishi kifua?

Hapana. Maziwa yanakwenda tumboni, ukungu unakwenda mapafuni; ni njia mbili tofauti. Kunyweni, ni chakula kizuri, lakini pakiti ya maziwa isichukue nafasi ya feni ya kuvuta ukungu.

Barakoa ipi inafaa?

Kitambaa na barakoa ya hospitali havizuii matone haya. Zile za kuchuja zenye viwango vya Marekani zina herufi: N haihimili mafuta, R inahimili kwa muda, P inahimili zaidi. Kwa hiyo N95 iliyozoeleka tangu corona siyo ya kazi hii. Tafuta R au P, ikae usoni bila kuacha upenyo. Hata hivyo barakoa ni ya mwisho. Kazi kubwa ifanyike kwenye mashine.

Tuanzie wapi basi?

Punguza mtiririko wa maji ya kupozea hadi kiasi kinachotosha kisu, na uelekeze bomba mahali panapokatwa. Funika mashine kwa kifuniko cha kukinga, na baada ya kukata subiri kidogo kabla ya kufungua, ukungu utulie au uvutwe na feni inayoutoa nje. Vipande vya chuma vilivyokatwa viondolewe kwa brashi na ndoano. Mpira wa upepo wa kompresa unarusha ukungu usoni mwako na kwa jirani yako, uacheni.

Halafu maji yenyewe. Pima uwiano kama kopo linavyoelekeza; asilimia 5 ni lita 1 ya mafuta kwa lita 19 za maji, na mafuta ndiyo yanayomiminwa ndani ya maji. Karatasi za kupimia pH, yaani kiwango cha uchachu, ni rahisi: mengi ya maji haya hukaa kati ya 8.5 na 9.5, na namba ikishuka huenda bakteria wameshaanza. Jumatatu asubuhi ukiwasha mashine ukapokewa na harufu ya mayai viza, usimimine dawa ya kuua vijidudu kuficha harufu. Bakteria waliokufa bado wanaudhi mapafu. Mwaga yote mahali panaporuhusiwa, sugua tangi, weka mapya.

Na ngozi?

Usinawe kwa petroli wala mafuta ya taa. Yanaondoa kinga ya ngozi na upele unazidi. Usiweke tambara la mafuta mfukoni. Mafuta ya madini yasiyosafishwa vizuri husababisha saratani ya ngozi, na wasokota pamba wa Lancashire walipata saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani kwa suruali zao kulowana mafuta ya mashine. Oili chafu ya gari isitumike kukatia chuma kamwe.

Tukiambiwa hakuna bajeti?

Brashi badala ya upepo haina gharama. Anzeni hapo leo. Kwa mengine, Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Tanzania, hulipa fidia hata kwa magonjwa yatokanayo na kazi. Omba upimwe nguvu ya kupuliza pumzi unapoajiriwa na mara kwa mara baadaye, na nakala ya majibu ukaiweke nyumbani, pamoja na tarehe.