Fundi, si uifunge tu hiyo YouTube?

Jumamosi iliyopita, kwenye kikao cha wazazi cha shule ambayo natunza mtandao wake na vishikwambi vya wanafunzi, mzee mmoja aliinuka akasema kwa upole kabisa: "Fundi, wewe ndiye mwenye funguo za huo mtandao. Si uifunge tu hiyo YouTube, watoto wasome?" Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Mwaka huu swali hilo nimeulizwa na wazazi, na walimu, hata na mjumbe wa bodi aliyenikuta kwenye ngazi. Jumamosi nilijibu kwa dakika mbili kwa sababu ajenda zilikuwa nyingi. Naomba nimalizie hapa, maana nimechoka kulijibu nusunusu.

Kwanza, ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti shuleni, inaona nini? Siku hizi karibu kila kitu kinasafiri kwa HTTPS, yaani kikiwa kimefungwa kwa siri njiani. Maana yake ruta yangu inaona jina la tovuti, haioni ukurasa. Ni kama mlinzi wa geti anayesoma kibao cha daladala: anajua hii ni ya Mbagala, lakini hajui nani ndani yake anashukia Zakhem. Anaweza kuzuia daladala zote za Mbagala. Abiria mmoja hawezi kumzuia. Kwa hiyo nikiifunga YouTube kwenye ruta, namfungia na mwalimu wa Baiolojia anayetaka darasa lione moyo unavyosukuma damu. Na yeye atakuja ofisini kwangu saa nne kamili, amekasirika, na atakuwa na haki.

Ipo njia ya katikati. DNS ya shule, yaani daftari ambalo kifaa huliuliza anwani ya kila tovuti, inaweza kuielekeza YouTube kwenye restrict.youtube.com, na Google kwenye forcesafesearch.google.com, ili video na majibu mengi yasiyofaa yachujwe. Naitumia. Lakini inafanya kazi pale tu kishikwambi kinapokubali kuiuliza DNS ya shule. Tangu Android 9, ya mwaka 2018, kuna kipengele cha DNS ya faragha kwenye mipangilio: mtoto anagusa mara chache, na kuanzia hapo kifaa chake kinaulizia kwingine, kwa siri, ruta yangu ikibaki imetoa macho. Dawa yake ni kuifunga menyu hiyo kwenye kifaa chenyewe. Nalirudia hili kwa sababu ndipo wengi wanapopotea: kufuli la ruta bila usimamizi wa kifaa ni mlango usio na ukuta.

Usimamizi wa kifaa wenyewe, yaani shule kupanga kutoka mbali nini kinaruhusiwa kwenye kifaa, sitauelezea kwa urefu. Kishikwambi kinasajiliwa kikiwa kipya au kikiwa kimefutwa chote: kwenye skrini ya kwanza unagusa mara sita, kamera inafunguka, unaskani msimbo wa QR, na kuanzia hapo shule ndiyo mwenye kifaa. Ndiyo maana kishikwambi cha nyumbani, chenye picha za harusi ya shangazi, siwezi kukisimamia bila kukifuta, na ndiyo maana nakikataa darasani. Sina chuki na mtoto wa mtu.

Halafu kuna kubandika programu, yaani kuifanya programu moja ibaki peke yake kwenye kioo cha kishikwambi. Walimu wananiambia, "Nimeshaibandika, haitoki." Inatoka. Kwenye vishikwambi vyetu, ukishikilia kwa pamoja kitufe cha kurudi nyuma na kile cha kuona programu zilizofunguliwa, umetoka. Mtoto mmoja akiligundua hilo kabla ya mapumziko, baada ya mapumziko wanalijua wote. Kubandika na kufunga kifaa kwenye programu moja kutoka kwenye mfumo wa usimamizi ni vitu viwili tofauti kabisa, ingawa kwa macho vinafanana.

Sasa jambo linaloniudhi kuliko yote. Swali la "funga YouTube" linachukulia kwamba utoro wa darasani unapitia kwenye intaneti. Muhula uliopita nilikata intaneti yote kwenye darasa la sita kwa siku mbili. Wakacheza dinosari wa Chrome, yule anayejitokeza mtandao ukikatika. Nikamzima. Wakahamia kwenye kamera, wakapigana picha za puani. Nikaifunga kamera, mwalimu wa Sayansi akalalamika kwamba watoto hawawezi kupiga picha za mbegu zao za maharage.

Na intaneti iliporudi, nikakuta insha ya kikundi iliyoandikwa kwa pamoja kwenye faili moja. Aya mbili za juu zilikuwa insha kweli. Chini yake, kwa maandishi meupe juu ya karatasi nyeupe, kulikuwa na kurasa tatu za maongezi: nani kamkasirikia nani, nani ana andazi la ziada. Mwalimu alikuwa ameona vichwa vimeinama na vidole vinaandika, akaamini kazi inaendelea. Hapo nifunge nini? Faili hilo ndilo somo lenyewe.

Wenzetu wa Kenya, walipoanza kugawa vishikwambi kwenye shule za msingi za umma mwaka 2016, masomo yaliwekwa ndani ya kifaa tangu mwanzo, na shule ikapewa seva yake na ruta. Mtoto akawa na cha kufanya hata pasipokuwa na mtandao. Napenda fikra hiyo: anza na unachotaka kiwepo, ndipo ufikirie cha kuzuia.

Kwetu kilichosaidia zaidi ni kabati la kuchajia. Vishikwambi 40 vinalala humo, ufunguo uko kwa mwalimu wa zamu, na havitoki mpaka kipindi kivihitaji. Mwalimu akizungumza, anazima vioo vyote kwa mguso mmoja. Watoto wakifanya kazi, asimame nyuma ya darasa, si mbele. Hilo la kusimama nyuma halina gharama yoyote, na limepunguza malalamiko kuliko kichujio tunachokilipia kila mwaka. Na mwalimu asimpe mtoto neno la siri la hotspoti ya simu yake. Hata yule mtulivu.

Yapo mawili yanayonikosesha usingizi. Mfumo wetu unamruhusu mwalimu kuona kila kioo moja kwa moja. Nimewahi kukaa nikitazama mtoto anaandika sentensi, anaifuta, anaiandika tena, nikahisi nimeingia mahali ambapo sikualikwa. Niliondoa uwezo huo kwenye akaunti yangu, nikawaachia walimu, na sina hakika kama kuwaachia wao ni sahihi.

La pili: tulipofunga kila kitu kasoro programu moja, darasa la saba lilitulia sana. Lakini kulikuwa na binti aliyekuwa amejifundisha mwenyewe kutengeneza jedwali la mauzo ya duka la mama yake. Hakuniomba nimfungulie. Aliacha tu. Nilikuja kujua mwezi mmoja baadaye. Nikafungua programu ya majedwali kwa darasa zima, na kelele kidogo zikarudi.

Mzee wa Jumamosi nimempigia simu. YouTube imefungwa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri, isipokuwa kwenye vipindi ambavyo mwalimu ameomba siku moja kabla. Nimemwalika aje Jumanne, kipindi cha tatu, nimwekee kiti nyuma ya darasa la sita avione vioo vyote 40. Amesema atakuja na mke wake.